JE, ALIYETANGULIA KAZINI ANA HAKI YA KUTANGULIZWA?

Watu wawili wafanya kazi moja, kwa ujira mmoja, chini ya tajiri mmoja. Wa kwanza aijua saa yake ya kuingia kazini, na siku zake za mapumziko azijua tangu mwanzo wa mwaka. Wa pili hajui hata saa atakayoitwa kesho. Ukiuliza sababu ya tofauti hii hutaambiwa kwamba wa kwanza ni hodari kuliko mwenziwe, wala kwamba ana watoto wengi zaidi, wala kwamba mwili wake umechoka zaidi. Utajibiwa kwa neno moja tu: alitangulia kuandikwa. Je, jambo hili ni haki, au ni desturi tu ambayo watu wameizoea hata wakaidhania kuwa ni haki?

Swali hili twataka kulitazama katika kazi ya madereva wa malori ya mizigo wa Marekani, khasa wale walio katika chama kiitwacho Teamsters. Huenda msomaji akastaajabu kwa nini tuende mbali, ilhali mji wetu wa Mombasa waishi kwa malori, na njia ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo haikosi madereva wa kwetu usiku na mchana. Sababu ni kwamba huko Marekani jambo hili limeandikwa katika mikataba kifungu kwa kifungu, likabishaniwa kwa miaka mingi, na likafikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi ile. Mwenye kutaka kulipima jambo hulipima pale lilipo wazi.

Chama hicho kiliundwa mwaka 1903, na jina lake lakumbusha wale waliokuwa wakiendesha magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1964 rais wake, James R. Hoffa, alifanikiwa kuzikusanya kampuni za mizigo za nchi nzima chini ya mkataba mmoja mkuu, uliowahusu madereva na wafanyakazi zaidi ya 400,000. Hoffa mwenyewe hakuwa mtu wa kupigiwa mfano kwa uaminifu. Mwaka 1967 aliingia gerezani, na mwaka 1975 alitoweka asionekane tena hata leo. Lakini mkataba haupimwi kwa tabia za aliyeutia sahihi.

Ili tuifahamu hoja, yatupasa kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Katika kampuni hizi lori moja hubeba mizigo ya watu wengi. Mchana madereva wa mjini huzunguka madukani na viwandani wakikusanya na kugawa mizigo. Jioni mizigo hurejeshwa kwenye stesheni ya malori, ikapangwa upya kwa miji iendayo, kisha madereva wa safari ndefu huichukua usiku kuipeleka stesheni za miji mingine, ili asubuhi iwe tayari kugawanywa. Basi usiku ndio uti wa mgongo wa kazi hii, na hapana hila itakayowafanya madereva wote walale makwao.

Kwa kuwa kila mtu hawezi kupata kilicho bora, kila stesheni ina orodha, na majina katika orodha hiyo hufuatana kwa tarehe ya kuandikwa. Safari na saa zake hubandikwa ukutani. Aliye juu ya orodha huchagua kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka safari zimalizike. Likizo huchaguliwa vivyo hivyo. Kazi ikipungua, wa mwisho kuandikwa ndiye wa kwanza kusimamishwa. Ama wale wa mkiani ambao safari zimekwisha kabla ya kuwafikia, hao huwekwa katika orodha ya akiba, wakangoja kupigiwa simu kuja kuziba pengo la mgonjwa, au kuchukua mzigo uliozidi.

Hapo kwenye orodha ya akiba ndipo penye uzito. Sheria ya Marekani yamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11, nazo ziwe ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Sheria hii ni njema, na tangu mwisho wa mwaka 2017 malori mengi hutakiwa kuwa na chombo kinachoziandika saa hizo chenyewe, ili mtu asidanganye. Lakini sheria yamlinda dereva asiendeshe kupita kiasi. Haimlindi na kutojua. Aliyerejea asubuhi aweza kuitwa mara tu saa zake za mapumziko zimalizikapo, au asiitwe mpaka usiku wa manane, au asiitwe kabisa siku hiyo. Alale saa ngapi? Akilala mapema na simu isilie, ataamka wakati wenziwe waenda kazini, naye usingizi umekwisha. Asipolala na simu ikalia, atashika usukani wa lori zito akiwa na macho mekundu. Mwaka 2007 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliitia kazi ya usiku miongoni mwa mambo ambayo huenda yakaleta ugonjwa huo. Na huyu wa akiba hana hata usiku wenyewe wa kuuzoea. Leo yuko usiku, kesho alfajiri, kesho kutwa adhuhuri. Mkewe hawezi kumwambia mtu kama watakuwako arusini au hawatakuwako.

Hii ndiyo bei ya orodha, nayo hulipwa na wa mwisho.

Sasa tusikilize upande wa wanaoitetea, kwani hoja yao ina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kabla ya kuwako orodha, safari zilikuwa zikigawanywa na karani wa safari kwa apendavyo. Nani hapendwi hupewa njia ya barafu na lori bovu. Nani amemletea karani zawadi hupewa safari fupi yenye malipo mazuri. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuhadithiwa sana juu ya hayo. Wazee wetu walisimama kwenye lango la bandari ya Mombasa kila alfajiri, wakitafuta kazi ya siku moja, na jina la kazi hiyo, kibarua, likabaki katika lugha yetu kwa kile kijikaratasi alichopewa mfanyakazi. Mwenye kuchagua alionyesha kwa kidole: wewe njoo, wewe rudi. Lililokuwa likiumiza halikuwa kurudi mikono mitupu peke yake, bali ni kurudi bila ya kujua sababu, na kujua kwamba kesho itakubidi umchekee yule yule mwenye kidole.

Orodha haina kidole. Haimjui mwenye maneno matamu wala mwenye ulimi mkali. Mtu aweza kumwambia mkubwa wake kwamba lori hili breki zake hazifai, asiogope kuadhibiwa kwa kupewa safari mbaya juma lijalo. Na faida hii huonekana pia katika kukaa kwa watu kazini. Katika kampuni kubwa za Marekani zibebazo mzigo wa lori zima kwa tajiri mmoja, ambazo nyingi hazina chama, hesabu ya madereva wanaoacha kazi katika mwaka mara nyingi imekaribia asilimia 90 ya madereva wote, na miaka mingine imepita 100. Yaani watu huingia na kutoka kama maji katika pakacha. Katika kampuni za mizigo ya kukusanya, ambazo chama kimekuwa na mizizi ndani yake tangu zamani, hesabu hiyo aghalabu haifiki hata 20. Hatusemi kwamba orodha ndiyo sababu pekee. Mshahara ni mkubwa zaidi, na safari nyingi humrudisha mtu kwake. Lakini twasema kwamba binadamu huyavumilia mashaka akiyajua mwisho wake, na wa mkiani aweza kuhesabu majina yaliyo juu yake na kujua ni wangapi watakaostaafu mwaka huu.

Huenda mtu akapinga akisema: kutangulia si kufika. Kwa nini dereva mvivu wa miaka 25 achague kabla ya kijana mwangalifu wa miaka mitatu? Tutamjibu kwa kumuuliza: huo ubora utapimwa na nani? Uhodari wa dereva ni ajali zisizotokea, na kisichotokea hakihesabiki kwa urahisi. Atakayepima ni yule yule karani, na kidole kitarudi kwa mlango wa nyuma.

Lakini jibu hili, ukilitazama vyema, lamfunga mwenye kulitoa. Kwani wema wa orodha si kwamba aliyetangulia anastahiki zaidi; wema wake ni kwamba inauzuia mkono wa dhulma. Ni utaratibu, si fadhila. Na twaona kwamba hapa wakongwe wengi wa kazi hukosea. Wakishakaa juu ya orodha miaka mingi huiona safari njema kama tuzo ya nafsi zao, na humtazama kijana wa akiba kwa maneno ya "nasi tuliteswa vivyo hivyo". Kuteswa kwako jana si hoja ya kuteswa mwenzio leo. Ikiwa ni zamu tu ya kungoja, basi yafaa tuulize maswali yale yale tuyaulizayo juu ya kila zamu ya kungoja: je, mlango ulikuwa wazi kwa wote walipoanza kupanga mstari? Na je, mstari wenyewe wasogea?

Ama swali la kwanza, lilijibiwa kwa tarakimu mahakamani. Kulikuwa na kampuni ya malori iitwayo T.I.M.E.-D.C., yenye stesheni katika nchi nzima. Tarehe 31 Machi 1971 ilikuwa na watumishi 6,472, na kati yao watu weusi walikuwa 314, na wenye majina ya Kispania 257. Madereva wa safari ndefu, yaani wenye kazi ya malipo bora, walikuwa 1,828. Weusi miongoni mwao walikuwa 8, na wenye majina ya Kispania 5. Na hao wanane wote waliandikwa baada ya mashtaka kufunguliwa. Kabla ya mwaka 1969, ukimtoa mtu mmoja aliyeendesha kutoka Chicago kati ya mwaka 1950 na 1959, kampuni hiyo haikuwa imemwajiri mtu mweusi hata mmoja kwa kudumu katika safari ndefu. Waliobaki waliwekwa mjini, au kwenye kupakia na kuosha magari.

Sasa tazama kazi ya orodha. Orodha ya madereva wa mjini ilikuwa mbali na orodha ya safari ndefu. Mtu mweusi aliyeendesha mjini miaka 15, akifunguliwa mlango wa safari ndefu, ilimbidi aiache miaka yake yote nyuma na kuingia mkiani, chini ya kijana aliyeandikwa mwaka jana. Akichagua safari, ataitwa usiku wa manane katika umri wa mtu mzima, na kazi ikipungua atasimamishwa kwanza. Akichagua kubaki, atabaki pale alipowekwa na dhulma. Hapana aliyemkataza kuhama. Miaka yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa kizuizi.

Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni, na chama nacho kikashtakiwa pamoja nayo. Tarehe 31 Mei 1977 Mahakama ya Juu ilihukumu kwamba ubaguzi ulithibitika, na kwamba waliobaguliwa baada ya sheria ya haki za raia kuanza kutumika kazini mwaka 1965 wastahiki kupewa nafasi katika orodha kwa tarehe ambayo wangaliandikwa lau wasingalibaguliwa. Lakini wale waliobaguliwa kabla ya tarehe hiyo hawakupata kitu, kwa kuwa sheria yenyewe iliilinda orodha isiyowekwa kwa nia ya kubagua, hata ikiwa yaendeleza athari za ubaguzi wa zamani. Mahakimu wawili, Marshall na Brennan, hawakuafikiana na wenzao katika sehemu hiyo.

Hatuwalaumu mahakimu kwa kuisoma sheria kama walivyoiona imeandikwa. Ila twataka kuisema haki ya upande wa pili kwa insafu, kwa sababu ndiyo iliyo ngumu. Yule dereva mweupe aliyeandikwa mwaka 1962 hakumbagua mtu. Aliomba kazi, akapewa, akalala miaka yake katika orodha ya akiba, akapanda taratibu mpaka akaipata safari yenye saa ya kudumu. Leo aambiwa kwamba watu kumi watawekwa juu yake, na safari yake itakwenda kwa mwingine. Je, si dhulma kumlipisha mtu deni asilolikopa?

Twasema: angelipishwa faini, au angefukuzwa, ingekuwa dhulma. Lakini hapa haondolewi kitu kilichokuwa chake kwa ukamilifu. Nafasi yake katika orodha ilikuwa juu kwa sehemu mbili: sehemu moja kwa miaka yake aliyoitumikia, na hiyo haiguswi, sehemu ya pili kwa watu waliozuiwa wasipange mstari mbele yake. Hii ya pili aliipokea bila ya kujua, kama mtu aliyenunua ng'ombe wa wizi sokoni kwa bei halali. Hana dhambi, lakini ng'ombe si wake. Kwa hiyo twaona kwamba tarehe ya mwaka 1965 ilifaa kuwa mpaka wa mahakama, lakini haikuwa mpaka wa dhulma.

Na mzozo huu wa kutangulia na usawa si mgeni kwa umma wetu. Imepokewa kwamba Sayyidna Abubakar alipogawa mali alimpa kila mtu sawa, na alipoambiwa awatangulize waliotangulia katika Uislamu alijibu kwa maana ya kwamba ujira wa kutangulia kwao uko kwa Mwenyezi Mungu, na hii ni riziki ya kuishi, nayo usawa ni bora ndani yake. Sayyidna Umar alipoushika ukhalifa aliona vingine: hakutaka kumweka sawa aliyepigana na Mtume na aliyepigana pamoja na Mtume, akaweka daftari, na watu wa Badr wakawa juu ya waliosilimu baadaye. Kisha imepokewa kwamba mwisho wa uhai wake alikusudia, lau angeishi, kurejea kwenye usawa. Hatuwalinganishi masahaba na madereva wa malori. Tuliloliona hapa ni kwamba hata pale kutangulia kulipokuwa fadhila ya kweli, si tarehe tu, bado palikuwa na shaka kama fadhila hiyo ilipwe kwa riziki ya watu.

Liko pia jambo la ibada, na tutalipita upesi. Katika mwaka ule ule wa 1977, siku 16 baada ya hukumu ya malori, mahakama ile ile ilihukumu kesi ya mtumishi wa shirika la ndege la TWA huko Kansas City, ambaye dini yake ya Kikristo ilimkataza kufanya kazi tangu magharibi ya Ijumaa hata magharibi ya Jumamosi. Katika jengo alilokuwamo kwanza alikuwa mkongwe wa kutosha kujichagulia siku zake. Akahamia jengo jingine apate kazi ya mchana. Huko orodha ilikuwa mbali, naye akawa wa pili kutoka mkiani. Alikataa kazi ya Jumamosi, akafukuzwa, na mahakama ikasema kwamba haipasi haki ya wengine katika orodha ivunjwe kwa ajili yake. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilimwongezea mwajiri wajibu wa kuwapa nafasi watu wa dini, lakini haikuiondoa heshima ya orodha. Dereva wa Kiislamu aliye mkiani ana shida iliyo kubwa zaidi, kwani likizo huchaguliwa miezi kabla, na Idi hungoja mwezi.

Twaona kwamba yawezekana kuihifadhi orodha na kuipunguzia ukali wake pamoja. Wa akiba waweza kuwekewa saa maalumu ambazo ndani yake tu wataitwa, na siku mbili za juma ambazo simu haitalia kabisa. Hili halimnyang'anyi mkongwe safari yake. Lamgharimu tajiri madereva wachache zaidi wa kungoja. Ni ajabu kwamba mikutano ya vyama hupoteza muda mwingi kubishana wanachama kwa wanachama juu ya nani awe wa ngapi, ilhali idadi ya safari zenye saa ya kudumu yapangwa na mtu asiyekuwamo katika orodha yoyote.

Limebaki swali la pili: je, mstari wasogea? Mwaka 1980 serikali ya Marekani ililegeza sheria za usafirishaji wa mizigo. Kampuni mpya zisizo na chama ziliingia kwa wingi, na zile za zamani zikaanguka moja baada ya moja. Kampuni ikipungua haiandiki watu wapya, na asipoandikwa mpya, wa mwisho hubaki kuwa wa mwisho. Wakaonekana watu wenye miaka kumi na zaidi kazini ambao bado wangoja simu. Na kampuni mbili zikiungana, hugombana juu ya namna ya kuziunganisha orodha: zisukwe pamoja kwa tarehe, au wageni watiwe mkiani? Kila upande huiita njia inayoufaa kuwa ndiyo haki.

Kisha ikaja khabari ya Yellow, kampuni iliyoanza mwaka 1924 huko Oklahoma, na iliyokopeshwa na serikali dola milioni 700 mwaka 2020. Mwisho wa Julai 2023 ilisimamisha kazi, na tarehe 6 Agosti ikaomba mahakamani itangazwe muflisi. Watumishi wake walikuwa kama 30,000, na 22,000 kati yao walikuwa wanachama wa Teamsters. Walikuwamo waliongoja miaka ishirini na zaidi kufika juu ya orodha, na siku hiyo orodha yenyewe haikuwako. Waliopata kazi katika kampuni nyingine za chama waliandikwa kwa tarehe ya siku waliyoingia, kama desturi ilivyo. Mtu wa miaka 58 alirudi kuweka simu kando ya mto akingoja usiku wa manane, na kijana aliyeandikwa juma moja kabla yake akachagua safari mbele yake, wala hapana aliyeweza kusema kwamba kijana huyo amemdhulumu.